Mwamuzi wa Jackson na bosi wa Kansas City

 

Leo tunaongea historia, na historia hii inatoka mbali, Marekani, katika jimbo la Missouri. Nimeichagua makusudi. Tukianza na habari za teritwari moja ya hapa kwetu, kabla sijamaliza sentensi ya pili msikilizaji anauliza: huyo mtu ni wa kabila gani? Yuko upande wa nani? Na masikio yanafungwa. Missouri haina kabila lako wala langu. Basi tunaweza kuangalia jambo lenyewe kwa roho tulivu: mtu amechaguliwa na raia ili alinde mali ya eneo, lakini aliyemsimamisha ni mkubwa mwenye nguvu. Siku wawili hao wanapogombana, raia na mkubwa, yeye atamsikiliza nani?

Mtu ninayemsema ni Harry Truman. Wazee wengi wanalijua jina hili, kwani alikuwa rais wa Marekani tangu 1945 hadi mwanzo wa 1953. Na sisi wa Kongo tuna sababu yetu ya kulikumbuka: bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945, kwa amri ya serikali yake, lilitengenezwa kwa sehemu kubwa na uranium iliyochimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Hiyo ni habari nyingine, nzito, na ingehitaji siku yake. Leo nabaki katika miaka ya nyuma, 1922 hadi 1934, wakati Truman alipokuwa mwamuzi wa kaunti ya Jackson.

Neno “mwamuzi” lisiwadanganye. Sisi tukisikia mwamuzi, au zuzi, tunaona tribinali, mtu wa kanzu nyeusi anayehukumu wezi. Huko Missouri, wakati ule, mwamuzi wa kaunti hakuhukumu mtu. Kaunti ni kama teritwari. Iliongozwa na waamuzi watatu: mmoja wa upande wa mashariki, ambako kulikuwa na mashamba na mji mdogo wa Independence, mmoja wa upande wa magharibi, yaani mji mkubwa wa Kansas City, na wa tatu, mkubwa wao, aliyechaguliwa na kaunti nzima. Wale wawili walipewa miaka miwili, mkubwa wao miaka minne. Kazi yao ilikuwa kodi, barabara, madaraja, makao ya wazee maskini na ya watoto, mishahara ya watu wa leta. Kwa maneno mafupi, franga za eneo zilipita mikononi mwao. Ndiyo sababu kiti hicho kilipiganiwa sana.

Truman alizaliwa 1884. Alilima shamba la familia yake huko Grandview zaidi ya miaka kumi. Katika vita vya 1918 alikwenda Ufaransa akiwa kapiteni wa kikosi cha mizinga, na wengi wa askari wake walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland. Aliporudi alifungua duka la nguo za wanaume pamoja na rafiki yake wa jeshini, Myahudi jina lake Eddie Jacobson. Mwaka 1922 duka likaanguka. Truman alikuwa na miaka 38, hana kazi, ana madeni. Hakuwa na diploma ya sheria wala ya kitu kingine.

Hapo ndipo anaingia mkubwa wa siasa. Kansas City ilikuwa na bosi, Tom Pendergast. Chama cha Demokrati katika kaunti ile kilikuwa kimegawanyika makundi mawili, na watu waliyapa majina ya wanyama: kundi la Pendergast liliitwa Mbuzi, na kundi la mpinzani wake, Joe Shannon, liliitwa Sungura. (Sisi tunaomjua sungura katika hadithi za jioni tunaelewa mara moja.) Bosi huyu hakuwa na kiti cha serikali kilichompa nguvu zote zile. Nguvu yake ilikuwa hivi: mama maskini asiye na makaa wakati wa baridi, watu wa Pendergast walimletea makaa. Kijana asiye na kazi, walimtafutia kazi. Familia iliyofiwa, walisaidia mazishi. Hawakumuuliza mtu dini. Siku ya kura, kila mmoja alikumbuka. Sisemi kwamba makaa yale yalikuwa mabaya; mtu anayetetemeka hawezi kuyakataa. Lakini bei yake ililipwa baadaye, na ililipwa na kaunti nzima, kwa sababu kandarasi za leta zilikwenda kwa marafiki wa bosi, na yeye mwenyewe alikuwa na kampuni ya kuuza zege ya kujengea.

Mtoto wa kaka yake Pendergast alipigana Ufaransa pamoja na Truman. Kwa njia hiyo Mbuzi walimjua kapiteni huyu mkulima, wakaona anafaa kwa kiti cha mashariki: watu wa mashamba watamwamini, na askari wake wa zamani watamtembelea kila nyumba. Truman akakubali. Uchaguzi wa ndani ya chama ulifanyika mwezi wa nane 1922, na alishinda kwa kura zisizofika 300. Siku ile watu wa Sungura walikwenda kwenye kituo kimoja kutaka kuchukua sanduku la kura kwa nguvu. Askari wa kaunti wakawazuia kwa bastola. Mnaona kwamba mambo haya hayakuzaliwa Afrika.

Kulikuwa na jambo lingine baya zaidi katika miaka ile. Chama cha siri cha Ku Klux Klan, chenye kuchukia watu weusi, Wakatoliki, Wayahudi na wageni, kilikuwa kimepata nguvu upande wa mashariki. Rafiki mmoja wa Truman alimwambia: bila watu hawa hutashinda, ingia. Watu wa karibu naye walieleza baadaye kwamba alitoa dola 10 za kujiandikisha. Lakini walipomtaka aahidi kwamba hatampa Mkatoliki kazi, alikataa. Kikosi chake cha vita kilikuwa cha Wakatoliki, angewatazamaje? Dola zake zikarudishwa. Kwa upande wangu naona dola zile 10 ni doa, na sipendi vitabu vinavyolipita haraka. Mtu alifika hadi mlangoni mwa watu wa chuki kwa ajili ya kura. Aligeuka mlangoni, ni kweli, lakini alikuwa amefika.

Basi akawa mwamuzi mwanzoni mwa 1923. Yeye na mwenzake wa magharibi, wote wawili Mbuzi, walishika kaunti yenye madeni makubwa. Truman alikuwa anapanda gari lake mwenyewe na kuzunguka barabara zote, akiangalia ni nani amelipwa kwa kazi ambayo haikufanyika. Katika miaka miwili deni la kaunti lilipungua kwa dola zaidi ya 600,000. Hata magazeti yasiyompenda Pendergast yalimsifu. Wakati huohuo usiku alikwenda shule ya sheria Kansas City, miaka miwili, bila kumaliza.

Lakini Mbuzi walifanya kosa la wale wanaoshinda. Walichukua kazi zote, wakawanyima Sungura hata makombo. Nafasi za wasimamizi wa barabara, za makarani, zote zilikwenda kwa Mbuzi. Shannon alikaa kimya akingojea. Uchaguzi wa mwezi wa 11 1924 ulipofika, aliwaambia watu wake wampigie kura mgombea wa Republikani, mzee fundi wa kushona hatamu za farasi, jina lake Henry Rummel. Watu wa Klan nao walimpinga Truman wazi. Truman mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alikwenda peke yake mchana kwenye mkutano wao mmoja, akasimama mbele yao akawaambia anavyowaona, akashuka akaenda zake. Njiani akakutana na magari ya rafiki zake wakija kumsaidia, wamebeba bunduki za kuwindia. Akawarudisha nyumbani. Alifurahi kwamba wamechelewa, maana wangefika mapema, damu ingemwagika.

Alishindwa. Tofauti ilikuwa kura 867. Katika maisha yake yote ya siasa huo ndio uchaguzi wa wananchi pekee aliopoteza.

Hapa niruhusuni nisimame kidogo. Kura 867 si nyingi, na Truman alijua kabisa nani amemwangusha: watu wa chama chake mwenyewe. Alikuwa na askari mia na zaidi waliompenda, wengi wana silaha nyumbani. Alikuwa na binti mchanga wa miezi tisa, Margaret, na madeni ya duka. Alifanya nini? Alitoka ofisini, Rummel akaingia, na Truman akaenda kutafuta kazi. Kwa miaka miwili aliuza kadi za uanachama wa shirika la wenye magari, akibisha mlango kwa mlango, akilipwa kwa kila kadi. Aliuza zaidi ya elfu moja. Mashariki ya Kansas City nzima ikamjua uso wake. Na Mbuzi nao walijifunza: kabla ya uchaguzi wa 1926 walikaa pamoja na Sungura, wakagawana nafasi, chama kikaingia kimoja. Truman akasimamishwa kwa kiti cha mwamuzi mkubwa, akashinda kwa kura karibu 16,000.

Nimesema sitaanza na mambo ya kwetu, sasa tumekwisha kuanza, basi niseme moja. Mwezi wa 12, 1957, Wakongomani walipiga kura mara ya kwanza, katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, kuchagua viongozi wa komine. Katika Élisabethville waburgumesta weusi waliotoka katika kura ile wengi hawakuwa wazaliwa wa Katanga. Waliotawaliwa waliona wameachwa nje kabisa. Walioshinda hawakuona haja ya kugawana. Mwaka 1958 ikaundwa CONAKAT, na maneno “mwenyeji” na “mgeni” yakawa silaha. Wazee wanajua njia hiyo iliendelea mpaka wapi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu na maelfu kutoka Likasi na Kolwezi, wakangoja treni kwenye stesheni, wengine wakafa papo hapo. Sisemi kura ya komine ndiyo iliyozaa yote haya. Wakoloni, migodi na wanasiasa wa baadaye walitia kuni zao. Nasema tu kwamba aliyeshinda 1957 hakumwachia aliyeshindwa hata kona ya benchi. Na mwezi wa 12, 2023, washauri wa komine walipochaguliwa katika miji yetu kadhaa, katika Masisi na Rutshuru kura haikupigwa kabisa sababu ya vita. Kwa hiyo wengi wenu mnaonisikiliza hamjawahi kumchagua hata mtu anayeandika jina lenu kwenye listi.

Turudi Jackson. Mwaka 1927 Truman ni mkubwa wa waamuzi, na kaunti ina watu wanaokaribia laki tano. Barabara ni mbovu mno. Watangulizi wake walikuwa wamezijenga kwa tabaka jembamba la juu, mvua mbili tatu zinalivunja, halafu kandarasi mpya kwa rafiki yuleyule. Ninyi mliosafiri kutoka Bukavu kwenda Shabunda hamhitaji maelezo.

Truman akataka kaunti ikope mamilioni ili ijenge barabara za zege, za kudumu. Kwa sheria yao, mkopo wa namna hiyo lazima raia waukubali kwa kura, theluthi mbili. Pendergast alimwambia watu hawatakubali kamwe; watasema ni franga za wizi tena. Truman akafanya jambo moja la akili. Kabla ya kuomba dola moja, aliwaita mainjinia wawili, mmoja Demokrati, Stayton, mwingine Republikani, Veatch, wapime kila barabara na waandike mpango. Halafu akazunguka kaunti nzima na ramani, akionyesha watu: hii itapita hapa, itagharimu kiasi hiki, itasimamiwa na hawa wawili, na kandarasi itapewa mwenye bei ya chini, awe rafiki au asiwe. Tarehe 8 mwezi wa tano 1928, siku yake ya kutimiza miaka 44, raia walipiga kura. Dola milioni 6 na nusu za barabara zikakubaliwa, kwa zaidi ya theluthi zilizohitajika.

Kandarasi ya kwanza kubwa, dola 400,000, ilikwenda kwa kampuni ya jimbo lingine, South Dakota. Wenye kampuni wa Kansas City wakaenda kwa bosi kulia. Pendergast akamwita Truman ofisini kwake. Walikuwa wamekaa humo wenye kampuni watatu, wamekasirika: kwa nini wageni wanapewa na sisi wana wa hapa tunanyimwa? Truman akajibu kwamba ameahidi raia bei ya chini, na atashika ahadi. Pendergast akawageukia wale watatu akawaambia, kwa namna, niliwaambia huyu ni mbishi kupita wote. Akawafukuza. Kisha akamwambia Truman ashike ahadi yake.

Kwa nini bosi alikubali? Watu wengine wanasema alimheshimu. Mimi nafikiri alipiga hesabu. Mwamuzi mmoja safi, anayesifiwa na magazeti, alikuwa kama nguo nyeupe juu ya shati chafu. Na zege ya barabara zile, nyingi yake ilinunuliwa wapi? Kampuni ya bosi haikulala njaa.

Barabara zikajengwa, zaidi ya maili 220, yaani kilomita 350 hivi. Mkulima akaweza kupeleka maziwa sokoni wakati wa mvua. Truman alipanda hata miti kando ya barabara, kama alivyoiona Ufaransa, lakini wakulima wakaikata wakati wa kufyeka nyasi. Mwaka 1930 alichaguliwa tena, safari hii kwa tofauti ya kura 58,000. Mwaka 1931 raia wakakubali mkopo wa pili, wa barabara zaidi na wa jengo jipya la kaunti huko Kansas City. Kabla ya kujenga alisafiri maelfu ya maili kwa gari lake na kwa franga zake, akiangalia majengo ya kaunti nyingine. Jengo lilifunguliwa mwezi wa 12, 1934, nalo bado limesimama.

Sasa sehemu chungu. Katika miaka ile ya 1930 Truman alikuwa anajificha usiku katika hoteli moja ya Kansas City, hoteli Pickwick, akiandika peke yake kwenye karatasi za hoteli. Hakumpa mtu azisome. Zilionekana baadaye kabisa. Humo aliandika kwamba ili kuokoa mamilioni ya mkopo wa barabara, alimwacha rafiki mmoja wa bosi, mtu aliyekuwa zamani na duka la pombe, aibe kama dola 10,000 za kaunti. Aliandika pia kwamba aliacha majina ya watu wasiofaa yaingie kwenye listi ya mishahara, ili watu wa bosi wanyamaze. Akajiuliza kwenye karatasi: nilifanya vema, au mimi nami ni mwizi? Hakujipa jibu.

Ninyi mnaoshika listi katika makambi mnalijua ulizo hili. Kuna majina kumi ya mizimu ambayo mkubwa mmoja anataka yaingie. Ukiyakataa, magunia yote yatazuiwa njiani na familia mia tano zitalala njaa. Ukiyakubali, familia mia tano zitakula na wewe umeandika uongo. Mtu aliye mbali na njaa atakwambia kataa. Truman, aliyekuwa na jeshi la magazeti na kura 58,000 nyuma yake, alikubali kidogo, na hakulala. Sioni kwamba ana haki ya kusifiwa kwa hilo. Ila naona tofauti moja: aliijua bei, hadi dola, akaiandika. Wanaozama kabisa ni wale walioacha kuhesabu.

Na uovu aliouacha nyumba ya pili uliendelea kukua. Siku ya uchaguzi wa mji wa Kansas City, mwezi wa tatu 1934, watu wanne waliuawa. Mwaka uleule Pendergast alimsimamisha Truman kwa kiti cha seneta, akashinda, akaenda Washington. Katika kura za 1936 marehemu na watoto wasiozaliwa walipiga kura Kansas City, na serikali kuu ikafungua kesi; watu zaidi ya 250 wakatiwa hatiani. Mwaka 1939 bosi mwenyewe alikiri kuficha kodi ya franga za rushwa, akahukumiwa miezi 15 ya gereza. Alikufa mwezi wa kwanza 1945. Truman, aliyekuwa makamu wa rais kwa siku chache tu, alipanda ndege akaenda kuzika. Wakamcheka magazetini. Alisema alikuwa rafiki yake.

Wachunguzi waliopekua Kansas City nzima hawakuona franga iliyoingia mfukoni mwa mwamuzi wa zamani. Madeni ya duka la nguo aliyalipa polepole kwa miaka mingi. Kuna habari ya mama yake, Martha, ambayo wazee wa Grandview walipenda kuisimulia. Barabara moja ya zege ilipita katikati ya shamba la mama huyo, ikala eka 11. Wenye mashamba wengine waliokatwa ardhi walilipwa. Mama Truman hakulipwa, kwa sababu mwanawe ndiye aliyekuwa anatia sahihi, na alikataa kutia sahihi kwa ajili ya mama yake. Mama alisema mara nyingi, akicheka nusu, kwamba angepata dola 11,000 kama Harry hangekuwa mwamuzi. Shamba lilikuwa na deni, mkopo kutoka mfuko wa shule wa kaunti. Mwaka 1940 deni halikulipika. Waamuzi wapya wa Jackson, wapinzani wa Truman, walilichukua shamba, na mama, mwenye miaka 87, akahama kwenda katika nyumba ndogo mjini Grandview, vyombo vyake vikiwa juu ya gari.